Cherehani Juu ya Keria

Kila Jumapili asubuhi Fundi na mkewe walikuwa wakitoa baiskeli zao kuukuu uani, wanazifuta vumbi, kisha wanaondoka nyumbani kwa mwendo ambao hata kuku hakuona sababu ya kuwapisha.

Baiskeli zenyewe, we acha tu. Nyeusi, nzito, gia moja, madigadi ya bati yanayogongana safari nzima, siti za springi zinazolia kila ukipiga pedeli. Ya Fundi ilikuwa ya marehemu baba yake. Ya mkewe waliinunua kwa jirani aliyechoka kuisukuma. Mlima ukija unamwomba Mungu uupande, mteremko ukija unamwomba zaidi, maana breki zenyewe zilishika pale zilipojisikia.

Na mpita njia ambaye angeambiwa kwamba yule mwanamke wa nyuma, mwenye gauni pana na kofia ya ukindu, ni mwendesha baiskeli wa mashindano anayeogopwa na wenzake, angecheka mpaka ashike mbavu. Lakini ndiye. Walimwita Kishada tangu shuleni, kwa sababu akishaanza kukimbia ilikuwa ndiyo basi, uzi umekatika, humpati tena. Siku za kazi alipiga pasi mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, amesimama kutwa kwenye mvuke. Akitoka hapo, wenzake wakienda kujinyoosha, yeye anapanda baiskeli ya mashindano, nyepesi hata unaweza kuinyanyua kwa mkono mmoja, anaingia barabarani. Jumamosi ndiyo usiombe. Jumamosi ilikuwa siku ya milima. Akirudi, Fundi anamkuta ameketi kizingitini anatazama viatu vyake, hana nguvu ya kuinama kuvivua. Fundi anachuchumaa, anamvulia, na moyoni anajiuliza mwanamke huyu kaumbwa kwa kitu gani.

Maana yeye Fundi alikuwa mtu wa kukaa. Alikaa nyuma ya cherehani tangu asubuhi mpaka jioni, futi ya kupimia shingoni, chaki sikioni, na tumbo lake nalo lilikaa mbele yake bila wasiwasi. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuacha kumstaajabia mkewe. Wanaume wengine wangeona haya kuoa mwanamke anayewashinda mbio. Fundi alisimulia wateja habari za Kishada mpaka wengine wakawa wanaacha nguo na kukimbia kabla hajaanza.

Aliyewapangia safari hizi za Jumapili ni Kocha, mama mnene mwenye sauti iliyokauka kwa kupiga kelele barabarani, aliyeshindana enzi zake mpaka goti likamsaliti. Saa ya kupimia mbio haikutoka shingoni mwake hata kwenye harusi za watu. Mazoezi ya mchujo wa timu ya taifa yalipoanza alimfuata Fundi dukani, akavuta stuli.

"Shemeji," alisema, "mkeo ana ugonjwa mmoja. Hawezi kuona mgongo wa mtu mbele yake. Akiuona, lazima aupite. Sasa, Jumamosi namkamua. Jumapili nataka miguu izunguke tu, damu itembee, misuli ijirudi. Nikimwachia peke yake atafukuzana hata na gari la takataka. Kwa hiyo Jumapili atapanda baiskeli ya kizee, na atakaa nyuma yako. Wewe mbele, yeye nyuma. Hakupiti hata iweje."

"Na mimi niende mwendo gani?"

Kocha alimtazama tumbo kwa kuridhika sana. "Wako huo huo, shemeji. Wako unatosha kabisa."

Basi ikawa hivyo. Walipita maduka yaliyofungwa, wakapita karakana ya reli na ukuta wake mrefu, wakafuata barabara ya miti mpaka darajani. Hapo waliketi juu ya ukingo, wakanywa chai ya chupa kwa mkate, wakatazama maji. Njiani walizungumza yale ambayo siku za kazi hayapati nafasi. Kishada alimsimulia habari za msimamizi wa kufulia anayehesabu foronya kama anahesabu wanawe. Fundi alimsimulia bwana harusi aliyetaka koti limfiche kitambi na limwonyeshe kifua. Fundi alizungumza bila kugeuka, kwa sababu akigeuka baiskeli nayo inageuka, na Kishada alicheka nyuma yake. Hakuna kitu Fundi alichokipenda kama kicheko kile kikimfikia mgongoni.

Lakini alikuwapo mwuza mikate. Kila Jumapili, karibu na karakana, aliwapita na baiskeli yake yenye sanduku la bati, akapiga kengele bila sababu yoyote.

"Bingwa nimempita tena," alikuwa akisema. "Leo nitalala vizuri."

Wallahi Kishada alikuwa akiteseka. Fundi alisikia springi za siti zikilia nyuma yake, akajua mkewe amenyanyuka, anataka kutoka. "Mama," anamwita, "kaa chini." Kishada anakaa, lakini anaguna mpaka darajani.

Siku moja mwuza mikate akaongeza. "Si kosa lako, dada," alisema akiwapita. "Mwenye breki kama hiyo mbele atafika wapi?"

Kishada alicheka. Mzaha wa kawaida tu, na mwuza mikate hakuwa na ubaya. Lakini Fundi neno lile lilimwingia, likakaa. Wiki ile kila alipompima mteja kiuno lilimrudia. Breki. Mke wake anapigania kuingia timu ya taifa, na yeye mchango wake ni kuwa mzito. Mwaka uliotangulia Kishada aliikosa nafasi kwa upana wa gurudumu. Kocha hakuficha: wasichana wadogo walikuwa wanakuja kwa kasi, na mchujo huu ndio wa mwisho ambao angeweza kumsimamia. Ukipita huu, hakuna mwingine. Na katika jambo kubwa namna hiyo, Fundi ndiye kitu kinachokokotwa.

Ndipo alipokula njama na nafsi yake.

Alianza kupeleka nguo za wateja majumbani mwenyewe, alfajiri, kabla ya kufungua duka, na hakupita njia ya mkato. Alipita kilima cha soko. Siku ya kwanza alishuka katikati, akasukuma, akajifanya anatafuta nyumba. Baadaye alikuwa anafika juu bado amekalia siti, jasho linamtiririka, nguo za watu zikiwa zimefungwa salama kwenye keria ya nyuma. Aliacha sukari kwenye chai akasema jino linamsumbua. Alisafisha mnyororo kwa mafuta ya cherehani, akajaza matairi upepo mpaka yakalia kama ngoma ukiyagonga. Tumbo likaanza kumuaga. Suruali zikamlegea, na kwa kuwa yeye ndiye fundi, alizipunguza kiuno mwenyewe, kimyakimya, wateja wakiwa hawapo.

Na Jumapili, taratibu, mwendo ukaanza kubadilika.

Mwanzoni kidogo tu. Halafu kuku wakaanza kupisha. Halafu ikafika Jumapili ambayo mwuza mikate alitokea karibu na karakana, akapiga kengele yake, akapiga pedeli, akapiga tena, na hakuwapita. Fundi alimwona kwa pembe ya jicho, uso umemshuka, mikate inarukaruka ndani ya sanduku. Walimwacha. Fundi moyo wake ulijaa hata akaogopa utatoka. Darajani aliketi anahema, shati limemganda mgongoni, anacheka peke yake.

"Umeona?" alimwuliza mkewe.

"Nimeona," alisema Kishada, akamfuta jasho la shingo kwa kanga yake. Alimtazama kwa muda, na macho yake yalikuwa yamejaa upendo, hilo Fundi hakulikosea. Alimmiminia chai isiyo na sukari.

Tangu siku hiyo Fundi akawa hashikiki. Akili yake ilimwambia hivi: mimi nikienda mbio, naye anakwenda mbio; naye akienda mbio zaidi, si ndiyo anazidi kuwa hodari? Mtu mwingine angeuliza. Fundi alikuwa anajenga mshangao, na mshangao hauulizwi.

Siku ya katikati ya wiki, mchujo ukiwa umekaribia, Kocha aliingia dukani bila hodi. Alivuta stuli ile ile. Alionekana kama hajalala.

"Shemeji, nimekuja unisaidie. Mkeo anarudi nyuma. Kila nikimpima, saa inamkataa. Milima aliyokuwa anaimeza, sasa inammeza yeye. Anakula?"

"Anakula."

"Analala?"

"Kama gogo. Kuliko zamani."

"Kule kufulia wamemwongezea kazi?"

"Hapana."

Kocha alishika tama. Mashine ya Fundi ilikuwa imesimama, sindano imezama katikati ya mkono wa koti. "Basi sijui," alisema Kocha. "Mwili wake unaniambia haupumziki, na mimi najua anapumzika. Jumapili bado mnakwenda darajani?"

Hapo ndipo Fundi alipoona saa yake imefika. Alifikiri huenda ni vizuri Kocha apate habari moja njema siku ile.

"Tunakwenda, na nikwambie kitu, Kocha," alisema, akasimama amwonyeshe kiuno. "Ile breki haipo tena. Siku hizi tunafika darajani na kurudi, majirani bado wanafagia. Mwuza mikate anatuona migongo. Nimejifua kimyakimya. Sasa hivi simcheleweshi hata kidogo."

Alingoja asifiwe. Kocha alikuwa anamtazama kama mtu aliyeona nyoka chini ya kiti chake.

"Na yeye anakaa nyuma yako?"

"Kama ulivyosema. Hajanipita hata siku moja."

"Kwa baiskeli ile nzito. Baada ya milima ya Jumamosi." Kocha aliivua saa shingoni, akaiweka juu ya meza ya kukatia. "Shemeji," alisema, na sauti yake kavu ilikuwa ya upole, jambo lililomtisha Fundi kuliko kama angefoka, "umemmaliza mke wako. Ile Jumapili ndiyo iliyokuwa dawa. Wewe ndiye uliyekuwa dawa."

Fundi aliketi. Aliona Jumapili zote zile mfululizo, na kila moja aliyoihesabu kuwa zawadi ilikuwa imechota kwenye miguu ya mkewe. Kocha alimwambia bado kuna muda, kidogo, ikiwa kuanzia siku ile ataachiwa apumzike kweli. Fundi hakusikia vizuri. Alifunga duka jua bado liko juu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu alifungue.

Alimkuta Kishada nyumbani ametoka kazini, anapiga pasi nguo za nyumbani, maana huyo hata pumziko lake lilikuwa pasi. Fundi alisimama mlangoni, akayamwaga yote, kuanzia neno la mwuza mikate mpaka kilima cha soko. "Nimekuharibia," alisema. "Nafasi ya mwisho, nami nimekaa mbele yako nikakuharibia kwa miguu yangu mwenyewe. Nisamehe, mama."

Kishada hakuacha kupiga pasi. "Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Baba, nguo zako nazipiga pasi mimi." Aliinua suruali iliyokuwa mezani, akaigeuza ndani nje, akamwonyesha kiunoni. Kulikuwa na mstari wa mshono wa zamani, na ndani yake mwingine, na mwingine tena. "Umeipunguza, ukaipunguza, ukaipunguza. Nikasema huyu ama anaumwa ama ana mtu. Halafu nikakuona umepanda kilima cha soko na magauni ya watu nyuma. Nilikuwa kwenye gari la hospitali lililoleta mashuka. Ulikuwa umekunja uso kwa juhudi mpaka nikatamani kushuka nikusukume."

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Siku ulipomwacha mwuza mikate ulicheka namna ambayo sijakusikia tangu tuoane. Nikasema, miguu ni yangu, nitaibeba. Nilidhani nitaweza vyote viwili." Aliweka pasi kando. "Naona siwezi. Na hiyo nafasi naitaka. Naitaka sana, kwa kweli."

Fundi alimshika mikono, bado ina joto la pasi. Alimpenda kupita kiasi, na alijikasirikia kupita kiasi, na hakujua aanze na lipi. Alikuwa amezoea kumstaajabia akipanda milima. Leo alijua kuwa mlima mkubwa kuliko yote mwanamke huyu alikuwa anaupanda kila Jumapili nyuma ya mgongo wake, kwa gauni na kofia, na hakulalamika.

Tatizo likabaki moja. Miguu ya Fundi ilikuwa imeshazoea. Jumapili iliyofuata alijaribu kwenda polepole, na kabla ya kufika karakana alikuwa anakwenda mbio tena bila kujua. Mwili ukishaonja, unaomba. Kishada nyuma yake alikuwa amenyamaza, na Fundi alijua ukimya ule sasa maana yake ni nini. Akashika breki, akashuka.

"Turudi nyumbani," alisema.

"Tumefanya nini tena?"

"Nimesahau kitu."

Walirudi. Fundi alikwenda dukani, akafungua, akalegeza skrubu za meza, akatoka amekumbatia kichwa cha cherehani yake ya zamani, ile ya chuma kitupu, ambayo watu wawili huinua wakipeana pole. Aliiweka juu ya keria, akaifunga kwa mpira wa tairi, akaizungushia kitambaa cha bitana isikwaruzwe. Kisha akapanda. Baiskeli ililia kote kote. Usukani ukawa mwepesi kama unataka kuruka, na kila pedeli moja ikawa shughuli.

Kishada alisimama njiani, amejishika kiuno, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Cheka," alisema Fundi, anatota jasho, anakwenda mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea. "Lakini ukae nyuma."

Sikwambii mitaa ilivyosema. "Fundi, unahama?" "Fundi, mama kakufukuza na mashine yako?" Mmoja alimsimamisha, akavua koti lake, akaomba apindiwe pindo hapo hapo. Mwuza mikate naye, aliyekuwa ameanza kupita njia nyingine kwa kuona aibu, alirudi kwa furaha yote, akawapita akipiga kengele mpaka mwisho wa ukuta wa reli. Fundi alisikia springi za siti ya mkewe zikilia. Alingoja. Zikalia tena, akajua mkewe amekaa.

Akaenda na cherehani hiyo kila Jumapili iliyobaki, na siku za kazi akashona kwa mashine yake ndogo. Darajani walikaa kwa muda mrefu. Rangi ilimrudia Kishada usoni. Kocha alipopita dukani alikuwa anapiga mluzi, na saa ilikuwa imerudi shingoni.

Siku ya mchujo barabara za kati za mji zilifungwa, mbio ziwe za kuzunguka, na kila mzunguko unapanda kilima cha soko. Walikuwa wanachukuliwa watatu wa kwanza tu. Fundi alikwenda na baiskeli yake, cherehani ikiwa nyuma, kwa sababu Kocha alisema Kishada akimaliza lazima arudi nyumbani kwa mwendo wa pole, na Fundi hakutaka tena kuiamini miguu yake. Alisimama juu kabisa ya kilima, kwenye kona, pale alipokuwa akifika alfajiri na magauni ya watu.

Miaka yote alikuwa akimwona Kishada akiondoka na akimwona akirudi. Akiwa katikati ya mbio hakuwahi kumwona karibu namna ile, kwa sababu duka halifungwi siku za mashindano. Sasa alimwona akitokea chini ya kilima kile kile kilichomtoa jasho, na alikipanda kana kwamba mtu amekilaza. Upepo wake ulimpiga Fundi usoni. Alipita kabla hajapata kumwita. Fundi alibaki mdomo wazi. Alikuwa amedhani wakati ule anamkimbiza mwuza mikate kwamba na yeye anajua mbio ni nini. Hakuwa akijua chochote, na aliona raha kutojua, raha ya ajabu, akatamani kumshika kila mtu aliyesimama pale amwambie yule ni wangu.

Mzunguko kwa mzunguko kundi likapukutika. Wa mwisho ulipofika walibaki watano mbele, na Kishada alikuwa wa tano. Aliyeongoza alikuwa msichana mdogo mwenye fulana ya manjano, anavuta kwa nguvu, na wale watatu wanamfuata kwa kuhangaika, midomo wazi, mabega yanayumba. Kishada alikuwa nyuma yao wote, ameona migongo minne, na hakunyanyuka. Hiyo ndiyo iliyomtia Fundi hofu. Alimjua mkewe. Kishada mwenye nguvu angekuwa ameshatoka. Aliona kazi ya mwaka mzima inamponyoka, na akajua imemponyokea wapi.

Ndipo alipomtazama usoni. Mdomo umefungwa. Mabega yametulia. Ulikuwa uso wa Jumapili, ule anaokuwa nao anaposikiliza hadithi za bwana harusi mwenye kitambi.

Katikati ya kilima mmoja wa wale watatu alikatika. Karibu na kona msichana wa manjano aligeuka kutazama nyuma, na hapo hapo Kishada akanyanyuka kwenye siti. Mbele ya miguu ya Fundi alimpita mmoja wa wale wawili waliobaki. Alimpita wa pili kwenye kona, wakatoweka upande wa pili wa majengo, kwenye mteremko wa kumalizia.

Fundi alishika usukani akakimbia na baiskeli yake, akisukuma kile chuma chote, akiomba njia, akiwakanyaga watu na kuwaomba radhi. Hakuona mwisho wa mbio. Alichosikia ni sauti kavu ya Kocha juu ya sauti zote, inataja jina la mkewe, jina lake halisi lile la kwenye kitambulisho, na inalia.

Wa pili. Msichana wa manjano alimshinda kwa kidogo. Kishada alikuwa ndani ya timu.

Fundi alimkuta ameketi kwenye ukingo wa barabara, anatazama viatu vyake. Alichuchumaa, akamfungulia kamba.

"Nilidhani umechoka," alimwambia. "Ulivyokaa nyuma yao."

"Nilitaka kutoka mapema. We, nilivyotaka," alisema Kishada, bado anahema. "Lakini nikamtazama yule binti aliye mbele, nikasema huyu ni Fundi, ana cherehani nyuma. Huyu hapitwi mpaka darajani. Basi nikatulia, hata nikasikia zile springi zako. Darajani kwangu ikawa ile kona yako."

Fundi aliendelea na kiatu cha pili, akakivua taratibu mno, akiwa ameinamisha uso.

Kocha, aliyekuwa ameileta ile baiskeli nzito ya Kishada tangu asubuhi, aliichukua ya mashindano, wao wakapanda za kizee. Fundi mbele, Kishada nyuma na medali yake juu ya kofia ya ukindu. Watu waliokuwa wanampigia makofi dakika chache nyuma sasa walimpita kwa miguu, wakamgeukia, wasiamini. Karibu na karakana ya reli walisikia kengele. Mwuza mikate alikuja na sanduku tupu, akajiinua kwenye pedeli, akawapita kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Mashahidi mko wapi?" alisema. "Timu ya taifa hiyo, na nimeipita."

Fundi alitega sikio kwa springi. Hazikulia.

"Mwache aende," alisema Kishada. Walikwenda kidogo. "Baba, siku nikiacha mashindano, hiyo cherehani utaishusha."

"Nikishaishusha?"

"Utanifukuza kweli kweli, mpaka darajani. Nataka nijue ulikuwa umefika wapi."

Fundi alitaka kugeuka amtazame, akakumbuka kuwa akigeuka baiskeli nayo inageuka. Akaendelea kupiga pedeli kwa mwendo wake ule ule, na mkewe akamfuata.